Namna ya Kuchagua Hedifoni Bora Badala ya Zile Zilizokuja na Simu

Hedifoni zinazowekwa ndani ya boksi la simu hutengenezwa ili mnunuzi asikie kitu siku ile ile anayofungua boksi, bila ya kumzidishia mtengenezaji gharama. Kwa mazungumzo mafupi ya simu zinatosha. Lakini mtu anayesikiliza kisomo, darsa, taarab au mpira wa redioni kwa saa kadhaa kila siku, akiwa ndani ya daladala ya Fuoni au ndani ya boti inayokwenda Mkoani, Pemba, anahitaji kitu bora zaidi, na sababu kubwa si anasa bali ni usalama wa masikio yake. Isitoshe, baadhi ya watengenezaji wameacha kabisa kuziweka hedifoni katika boksi. Apple iliacha mwaka 2020 ilipotoa iPhone 12, na Samsung ikafanya hivyo kwa simu zake za Galaxy S21 mwaka 2021, kwa hivyo wanunuzi wengi wa Unguja na Pemba huokota zozote zinazoning'inia mbele ya duka, wakaishi nazo mpaka waya ukatike.

Jambo ninalotaka msomaji alishike tangu sasa ni kwamba namna hedifoni zinavyokaa sikioni, na namna zinavyoliziba, huamua ubora wa sauti kuliko jina lililoandikwa juu yake, kuliko bei, na kuliko tarakimu zote za kwenye boksi. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za aina mbalimbali, na hakuona uhusiano kati ya bei ya hedifoni na namna zinavyogawa sauti za chini, za kati na za juu. Hilo halina maana kwamba hedifoni zote ni sawa, kwani tofauti baina yake ni kubwa sana. Lina maana kwamba fedha peke yake haikuchagulii, na kwamba masikio yako hayana budi kushirikishwa kabla ya mfuko.

Hatua ya kwanza: thibitisha kwamba kasoro imo katika hedifoni

Azima hedifoni za mtu wa nyumbani, zipanguse vizuri, kisha uzichomeke kwenye simu yako na usikilize kitu kile kile ambacho hukiridhii. Ikiwa kasoro imebaki vile vile, huenda tatizo limo ndani ya simu. Tundu la hedifoni la milimita 3.5 hukusanya pamba za mfukoni na mchanga mwembamba wa pwani hadi kichwa cha waya kikawa hakiingii chote, na hapo sauti huja upande mmoja au hukatikakatika kila ukitikisika. Zima simu, uchokoe taratibu kwa kijiti kikavu cha meno, na usitumie sindano wala pini, kwani chuma hukwaruza vishikizo vya ndani. Ikiwa sauti imefifia katika sikio moja tu, angalia kwanza wavu mdogo wa hedifoni ya upande huo, maana mara nyingi huwa umezibwa na nta ya sikio.

Liangalie pia lile faili unalosikiliza. Wimbo uliorekodiwa kwa simu kutoka kwenye spika ya redio, kisha ukatumwa kama ujumbe wa sauti kutoka mkono hadi mkono, hauponi kwa hedifoni za aina yoyote, kwa sababu kilichopotea njiani hakirudi. Rekodi kongwe nazo zina mipaka yake. Nyimbo za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928 zilitiwa kwenye santuri za wakati ule, ambazo hazikubeba besi ya chini kabisa wala sauti za juu kabisa. Hedifoni nzuri zitakusogeza karibu na sauti yake, na zitakusogeza vile vile karibu na mkwaruzo wa sindano. Zisikilize kwa thamani yake kubwa, ila usizitumie kupimia hedifoni.

Hatua ya pili: jua unasikiliza nini, na wapi

Andika katika karatasi mambo mawili tu, yaani kile unachokisikiliza zaidi na mahali unapokisikilizia. Mwanafunzi anayehifadhi Qur-ani nyumbani baada ya sala ya Alfajiri, mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, anayefuatisha rekodi ili ajifunze, na kijana anayepanda daladala mara mbili kwa siku baina ya Bububu na mjini, hao ni watu watatu wenye mahitaji matatu tofauti, na hakuna hedifoni moja itakayowafaa wote sawasawa. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, sehemu kubwa ya bidhaa za dukani zitajiondoa zenyewe.

Hatua ya tatu: chagua umbo, na uzingatie kuziba

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, kwa hivyo nitakaa zaidi.

Hedifoni nyingi za kwenye boksi la simu ni zile za plastiki ngumu zinazokaa mlangoni mwa sikio bila ya kuingia ndani. Kiwambo chake, yaani utando wa ndani unaotikisika ukatoa sauti, ni kidogo, na kiwambo kidogo kinaweza kutoa besi nzuri pale tu hewa iliyo baina yake na ngoma ya sikio inapokuwa imefungiwa, kwa sababu kinachosikika kama besi ni mgandamizo wa hewa hiyo. Pakiwa na upenyo, mgandamizo hutorokea nje, besi ikapotea na zikabaki sauti nyembamba za juu. Msikilizaji, akidhani kwamba sauti ni ndogo, huongeza sauti, na anachokiongeza hasa ni zile sauti za juu zinazoumiza. Ukitaka kulithibitisha hili, cheza wimbo wenye besi kisha uzibonyeze kidogo hedifoni zako kwa vidole. Besi ikija ghafla, ujue kwamba muda wote huo ulikuwa ukisikiliza nusu ya kile ambacho hedifoni hizo zinaweza kukitoa.

Upenyo huo huo ndio unaoingiza kelele za nje. Injini ya daladala, upepo wa dirishani na maongezi ya abiria huifunika sauti unayoitaka, nawe unaipandisha juu ya kelele zote hizo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) inaweza kusikilizwa hadi saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Tofauti ya desibeli 10 hufikiwa kwa urahisi mno na kidole kinachobonyeza kitufe ndani ya gari lenye kelele, na uwezo wa kusikia ulioharibika kwa njia hii haurudi. Mimi naamini kwamba hii ndiyo sababu ya kweli ya kuziacha hedifoni za kwenye boksi: zinazoziba vizuri humwezesha mtu kusikia zaidi kwa sauti ndogo zaidi.

Kwa msafiri wa kila siku, kwa hivyo, chaguo la kwanza ni hedifoni za ndani ya sikio zenye vipira laini vya silikoni. Hakikisha kwamba ndani ya pakiti mna vipira vya angalau saizi tatu, kisha uvijaribu vyote, kila sikio peke yake, kwani masikio mawili ya mtu mmoja si lazima yalingane na si ajabu sikio la kulia likataka kipira kikubwa kuliko la kushoto. Namna ya kuvaa ni kulivuta sikio juu na nyuma kidogo kwa mkono wa upande wa pili, kuiingiza hedifoni kwa kuizungusha polepole, kisha kuliachia sikio. Ukisema neno na ukaisikia sauti yako imekuwa nzito ndani ya kichwa, kipira kimeziba. Ukisikia maumivu au mwasho baada ya muda mfupi, shuka saizi moja. Vipo pia vipira vya sifongo, ambavyo hubonyezwa kwa vidole, vikaingizwa, kisha vikaachwa vitanuke vyenyewe. Huziba vizuri kuliko silikoni, ila katika joto na jasho letu huchakaa mapema na ni vigumu kuvisafisha.

Wanawake wanaovaa hijabu wana jambo la ziada la kuangalia ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Hedifoni za kufunika sikio zikivaliwa juu ya mtandio huacha kitambaa baina ya mto wake na ngozi, kuziba kukaharibika, na sauti za juu zikafifia kwa kupita kwenye nguo. Hedifoni za ndani ya sikio zenye mwili bapa, zisizotokeza nje, hukaa vizuri chini ya mtandio bila ya kusukumwa na kitambaa, na waya wake hupita ndani ya nguo bila ya kuonekana. Zile zenye kijiti kirefu kinachoning'inia husukumwa kila ukigeuza kichwa. Kwa wanaume, utepe wa hedifoni kubwa hukaa juu ya kofia na kuikunja, kwa hivyo anayevaa kofia wakati wote afikirie hedifoni za ndani ya sikio, au zile ambazo utepe wake hupita nyuma ya shingo.

Hedifoni kubwa zinazolifunika sikio zima ni nzuri kwa kusikilizia nyumbani, na kwa muda mrefu huchosha sikio kidogo kuliko zilizoingia ndani. Katika hali ya hewa yetu, hata hivyo, zina adui wawili, joto na unyevu. Ngozi ya bandia inayofunika mito yake hupasuka na kubanduka vipande vipande kwa jasho na unyevu, kwa hivyo usinunue hedifoni ambazo mito yake haiwezi kutolewa na kubadilishwa. Mito ya kitambaa huvumilia zaidi. Zipo vile vile hedifoni zilizo wazi kwa nyuma, ambazo hupitisha hewa na hutoa sauti iliyopanuka na ya asili. Koss Porta Pro, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984 na inayotengenezwa hadi leo, ni mfano mzuri wa aina hiyo, kwani ni nyepesi, ina sifongo tu juu ya sikio, na haitoi jasho. Lakini hedifoni za wazi hazizuii kelele hata kidogo na humsikilizisha jirani yako kila kitu, kwa hivyo mahali pake ni barazani kwako, si garini wala karibu na msikiti.

Nitaje hatari moja kabla ya kuendelea. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo vespa na baiskeli hutokea konani bila ya nafasi ya kukwepa, na pembezoni mwa barabara yoyote isiyo na njia ya waendao kwa miguu, masikio mawili yaliyozibwa ni hatari. Toa moja, au zitie mfukoni mpaka ukae kitako.

Hatua ya nne: waya, au bila ya waya

Rai yangu ni kwamba kwa fedha ile ile ndogo, hedifoni za waya humpa mtu sauti bora na umri mrefu zaidi, kwa sababu hulipii betri, kipokea mawimbi na boksi la kuchajia. Betri za lithiamu hupungua nguvu kila zinapochajiwa, na katika hedifoni ndogo zisizo na waya kabisa betri hizo kwa kawaida hazibadilishiki, kwa hivyo baada ya miaka michache hedifoni nzima hutupwa ingawa viwambo vyake ni vizima. Joto huharakisha uchakavu huo, na kuziacha ndani ya gari lililoegeshwa juani ni kuziua. Siku umeme unapokatika, za waya haziombi chaji.

Mwanafunzi wa muziki achague waya bila ya kusita. Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde, na ingawa ucheleweshaji huo hauonekani katika kusikiliza tu, humchanganya mtu anayepiga udi huku akijisikiliza kupitia programu ya simu.

Hata hivyo, kutokuwa na waya kuna raha yake ya kweli kwa anayefanya kazi za mikono, kwa anayekimbia ufukweni na kwa yule ambaye simu yake haina tundu la hedifoni. Ukichagua njia hiyo, angalia mambo machache. La kwanza ni kinga dhidi ya maji: alama ya IPX4 ina maana kwamba kifaa kinastahimili maji ya kurushwa, kwa hivyo kinastahimili jasho na manyunyu, na IPX7 ina maana kwamba kilipimwa kwa kuzamishwa ndani ya maji hadi mita 1 kwa dakika 30. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji matamu. Maji ya bahari ni jambo jengine, na hakuna alama kati ya hizo inayokuruhusu kuogelea nazo Nungwi. La pili ni kodeki, yaani namna sauti inavyofungwa ili isafirishwe hewani. Kila kifaa cha Bluetooth cha kusikilizia muziki hubeba SBC, iPhone huongeza AAC, na simu nyingi za Android kuanzia toleo la 8 hubeba LDAC iliyobuniwa na Sony. Wauzaji hulikuza jambo hili, lakini kipira kinachovuja huharibu sauti kuliko kodeki yoyote. La tatu ni maikrofoni. Wakati wa mazungumzo ya simu, hedifoni za Bluetooth kwa kawaida hushusha ubora wa sauti pande zote mbili, kwa hivyo mpigie mtu kabla ya kununua na umuulize anakusikiaje.

Kuna hedifoni zinazozima kelele kwa njia ya umeme, ambapo maikrofoni ndogo husikiliza kelele ya nje na saketi ikatengeneza wimbi lililo kinyume chake ili viuane. Ufundi huu hufanya kazi vizuri sana kwa mngurumo mzito usiobadilika, kama injini ya boti, jenereta au ndege, na hufanya kazi dhaifu kwa sauti za watu wanaoongea na mtoto anayelia. Anayesafiri mara kwa mara baina ya bandari ya Malindi, Unguja, na Pemba atauona msaada wake mkubwa. Anayetaka utulivu wa kusoma katika nyumba yenye watoto atasaidiwa zaidi na vipira vinavyoziba vizuri.

Hatua ya tano: kichwa cha waya na maandishi ya boksi

Hesabu pete nyeusi au nyeupe kwenye kichwa cha waya cha milimita 3.5. Pete mbili ni hedifoni za kusikiliza tu, na pete tatu ni hedifoni zenye maikrofoni. Kwa bahati mbaya, palikuwa na mipangilio miwili ya kuunganisha nyaya ndani ya kichwa cha pete tatu, na ukichomeka hedifoni za mpangilio mmoja kwenye simu ya mpangilio mwengine, utaisikia ala ikiwa mbali na tupu, na sauti ya mwimbaji ikiwa imetoweka. Dalili ya hakika ni kwamba ukibonyeza na kushikilia kitufe cha maikrofoni, sauti hurudi kuwa nzima. Hedifoni hizo si mbovu, ila hazikukusudiwa simu yako.

Kwa simu zenye tundu la USB-C peke yake, kumbuka kwamba vipo viunganishi vya aina mbili. Kimoja kina saketi yake ya kugeuza sauti kutoka tarakimu kuwa umeme, na hiki hufanya kazi karibu kwa kila simu. Chengine hupitisha tu nyaya, na hufanya kazi kwa simu chache zilizotayarishwa hivyo. Kwa macho hufanana, kwa hivyo kijaribu kwenye simu yako mwenyewe kabla ya kulipa.

Katika tarakimu za boksi, moja yenye manufaa ni ukinzani, yaani kadiri hedifoni zinavyoupinga umeme unaotoka kwenye simu, unaopimwa kwa omu. Simu huendesha vizuri hedifoni za omu 16 hadi 32, na hata 60 ya Koss Porta Pro haina taabu. Hedifoni za studio, kama Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250 au Sennheiser HD 600 ya omu 300, ni vifaa vya heshima, lakini ukizichomeka moja kwa moja kwenye simu zitasikika ndogo na dhaifu. Mwenye kuletewa zawadi kama hizo na jamaa aliyeko nje atahitaji kikuza sauti. Ama yale maandishi ya hezi 20 hadi 20,000, yaani idadi ya mitikisiko ya sauti kwa sekunde, kutoka besi hadi sauti za juu, usiyape uzito. Huo ndio upana wa usikivu wa binadamu kijana, karibu kila boksi huuandika, na hausemi chochote kuhusu uwiano wa sauti zilizomo baina yake. Ukubwa wa kiwambo kwa milimita nao hautoshi kuhukumia.

Hatua ya sita: jaribu dukani kwa kitu unachokijua

Nenda dukani asubuhi, kabla ya msongamano, ukiwa na vipira vyako safi mfukoni na sauti ulizozichagua zimeshahifadhiwa ndani ya simu. Maduka ya Darajani, Mlandege na Michenzani yamekaribiana kiasi cha kuweza kulinganisha, na walioko Pemba waanzie Chake Chake. Baada ya salamu, muombe muuzaji kwa uungwana akupe za kujaribia, na umwambie mapema kwamba hutavaa vipira vya mtu mwengine. Wengi hukubali wakiona mteja ni mstaarabu na anajua anachokitaka. Asiyekubali kabisa kufungua boksi mshukuru, kisha uingie duka linalofuata.

Kisomo cha Qur-ani cha mtu mmoja ni kipimo kizuri mno cha sauti ya mwanadamu, na kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, ambaye mwaka 1961 alirekodi msahafu mzima kwa tartili, kinafaa kwa sababu kila herufi ameipa haki yake. Sikiliza sin na swad. Tofauti ya wembamba na unene wake iwe wazi bila ya kuitafuta, na sin isigeuke mluzi unaochoma. Hedifoni za bei rahisi mara nyingi huzidisha sauti zilizo baina ya hezi 5,000 na 8,000 ili zionekane safi, na ziada hiyo ndiyo inayochosha masikio baada ya nusu saa. Sikiliza pia pumzi anayoivuta kabla ya aya ndefu. Adabu inataka usiikate aya katikati kwa ajili ya kubadilisha hedifoni, kwa hivyo chagua sura fupi na uimalize kwa kila jozi. Atakayeona duka si mahali pa kisomo atumie darsa ya sheikh ambaye amewahi kumsikia uso kwa uso, kwa sababu sauti unayoijua ana kwa ana haikudanganyi.

Kisha cheza taarab asilia ya vyombo kamili, ya Ikhwani Safaa au ya Culture Musical Club. Muziki huu ni mtihani mgumu, kwa kuwa fidla kadhaa hupiga sauti moja pamoja na akodiani, kanuni hudona nyuzi zake juu, udi hukaa kati, na besi kubwa ya kusimama hushuka hadi kiasi cha hezi 41. Katika hedifoni dhaifu, fidla zote huwa kitu kimoja kinachopiga kelele na kanuni huzama ndani yake. Katika hedifoni nzuri utaweza kuamua kuifuata kanuni peke yake kwa ubeti mzima, kisha ukaiacha na kuifuata besi, bila ya kuongeza sauti. Jihadhari na hedifoni zinazokushangaza kwa besi dakika ya kwanza. Besi iliyovimba huifunika sauti ya mwimbaji, na katika taarab maneno ndiyo mwenye nyumba.

Jambo la mwisho la kujaribu dukani ni ulinganifu. Sauti ya mwimbaji isikike katikati ya kichwa, si upande. Ikiwa imetawanyika bila ya mahali maalumu na besi imekuwa dhaifu ingawa kipira kimeziba, kuna uwezekano kwamba nyaya za upande mmoja zimeunganishwa kinyume kiwandani, nawe usizichukue.

Kuhusu bidhaa bandia, ambazo ni nyingi, kanuni ninayoifuata ni kutonunua jina kubwa kwa bei ndogo. Hedifoni zenye jina la AKG zilizotoka na Galaxy S8 mwaka 2017 zimeigwa kwa wingi duniani, na za kuigwa hufanana sana na za asili mpaka utakaposikiliza. Maandishi yenye makosa, herufi za L na R zilizochapwa vibaya, mshono wa plastiki unaokwaruza na vipira vinavyotoa harufu kali ni dalili za kukutahadharisha. Hedifoni za kampuni isiyo na umaarufu, zilizouzwa kwa jina lake lenyewe, mara nyingi huwa bora kuliko nakala ya jina kubwa. Omba risiti yenye jina la duka na tarehe, na mkubaliane muda wa kurudisha.

Hatua ya saba: zitumie na zitunze

Ukifika nyumbani, rekebisha sauti mahali tulivu. Weka chini kabisa, pandisha mpaka maneno yaeleweke bila ya juhudi, kisha usiende mbali na hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri kutovuka asilimia 60 ya sauti ya juu kabisa ya kifaa. Ukihisi pana kitu kimezidi, tumia sehemu ya simu ya kurekebisha besi na sauti za juu, lakini punguza kilichozidi badala ya kuongeza kilichopungua, kwa sababu kuongeza huleta mkwaruzo. Kwa watoto wa skuli na madrasa, mzazi aweke kikomo cha sauti katika simu yenyewe.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na vyote viwili hula shaba na vishikizo vya chuma. Pangusa hedifoni kwa kitambaa kikavu baada ya kutumia, na uzihifadhi ndani ya kikopo chenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vua vipira kila wiki, uvioshe kwa maji na sabuni, na uvirudishe vikiwa vimekauka kabisa. Nta iliyoganda kwenye wavu itolewe kwa brashi laini kavu, huku uso wa hedifoni ukiwa umeelekea chini ili uchafu udondoke nje. Fangasi wa sikio hustawi katika joto na unyevu, kwa hivyo aliyetoka kuogelea au kuzamia akaushe masikio kwanza, na hedifoni za ndani ya sikio asiazimwe mtu bila ya kubadilishwa vipira. Ukipata mwasho usiokwisha au majimaji, acha kuzitumia na umuone daktari.

Waya hukatika zaidi mahali pawili, yaani karibu na kichwa na pale unapogawanyika. Uzungushe kwa kuulegeza, usiufunge kwenye simu, na unapochomoa ushike kichwa, si waya. Aina nyingi za KZ na kampuni nyengine zina waya unaochomoka kutoka kwenye hedifoni yenyewe, na huo hubadilishwa bila ya fundi. Kwa zisizochomoka, usizitupe. Fundi wa simu anaweza kukata kichwa kibovu na kutia lehemu kipya, ila mkumbushe kwamba nyuzi nyembamba za hedifoni zimepakwa rangi ya kuzuia umeme, na rangi hiyo lazima ichomwe kwanza ndipo lehemu ishike. Kabla ya kumlipa, chomeka hedifoni palepale kwenye meza yake, ucheze sauti ya mtu mmoja na uhakikishe kwamba iko katikati, kisha ubonyeze kitufe cha maikrofoni na umpigie mtu.